Kuunganisha playa ya muziki kwenye redio ya gari: angalia redio kwanza, waya baadaye

Watu wengi wakitaka kusikiliza nyimbo zilizo kwenye playa yao ndani ya gari wanakimbilia kununua waya, halafu wakirudi kwenye gari wanakuta redio haina hata hilo tundu, au lipo ila ni la kuchajia tu basi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela kaa kwenye siti ya dereva, gari limesimama, uiangalie redio yako vizuri. Hapo ndio penye kazi, kuchomeka waya wenyewe ni sekunde tu. Haya maelezo yanafaa kwa playa yoyote, iwe iPod ya zamani, Walkman ya MP3, au simu uliyoigeuza kuwa mashine ya muziki.

Hatua ya 1: kagua redio

Unatafuta vitu vinne: tundu dogo la mviringo lililoandikwa AUX, tundu la USB, alama ya Bluetooth, na mlango wa kaseti. Usiishie kwenye uso wa redio tu maana magari mengi AUX na USB zimefichwa ndani ya kile kiboksi cha kati unapoegemeza mkono, au kwenye droo ya mbele ya abiria, au chini karibu na gia, na nyingine zimefunikwa na kifuniko cha raba ambacho mtu anaweza kukaa na gari miaka bila kukifungua. Kuna redio pia ambazo AUX yake iko nyuma, yale matundu mawili jekundu na jeupe, na hayo huyaoni mpaka uivute redio nje.

Washa redio sasa, bonyeza SOURCE au MODE au MEDIA, jina linategemea redio, na uone inapita wapi na wapi: FM, AM, CD, USB, AUX, BT. Kama tundu la AUX unaliona kwa macho ila neno AUX halitokei, usikimbilie kusema limekufa. Redio nyingine haziionyeshi AUX mpaka kuwe na pini imechomekwa, nyingine AUX imezimwa kwenye setingi. Redio nyingi za kufunga baadaye (zisizokuja na gari kutoka kiwandani) unazima source kwanza mpaka ibaki saa tu, halafu unashikilia kitufe cha menyu, ndani utakuta AUX ON/OFF, iweke ON. Kitabu cha redio kikiwepo kitakuonyesha njia yake.

Hatua ya 2: kagua playa

Karibu kila playa ina tundu la hedifoni la milimita 3.5 na hilo linatosha. Shida inaanza kwenye vifaa vya miaka ya karibuni, mfano iPhone 7 ya mwaka 2016 ndio iPhone ya kwanza kutoka bila hilo tundu na kampuni nyingine nazo zikafuata, sasa hapo unahitaji adapta. Kwenye adapta za USB-C kuwa makini, ziko za aina mbili, zenye chipu ndani inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, na zisizo na chipu ambazo zinategemea simu yenyewe itoe sauti ya kawaida kwenye USB-C, na simu nyingi hazitoi. Chukua yenye chipu, utaepuka ile hali ya kuchomeka kila kitu sawa na kimya kimetanda.

iPod za zamani zenye mdomo mpana wa pini 30 chini, ule uliokuwepo kuanzia 2003 mpaka Lightning ilipoingia 2012, zina faida moja watu wanaisahau: huo mdomo unatoa sauti ya laini (line out), yaani sauti ambayo haipiti kwenye volyumu ya hedifoni kabisa. Ukipata waya wa pini 30 kwenda AUX sauti inakuwa safi kuliko ya tundu la hedifoni, na volyumu ya iPod unaisahau, unatumia ya gari tu.

Hatua ya 3: AUX, kama ipo anzia hapa

Waya unaoutaka ni wa 3.5 kwa 3.5, dume pande zote mbili, stereo. Angalia pini yake, iwe na mistari miwili meusi. Zenye mistari mitatu ni za hedifoni zenye maiki, mara nyingi zitapiga tu lakini kwenye redio nyingine zinaleta vituko kwa sababu sehemu ya eathi (njia ya kurudishia umeme) haikai pale redio inapoitegemea. Na kituko chenyewe kina dalili yake: unasikia vyombo lakini mwimbaji amepotea, au anasikika kama yuko chumba cha pili. Ukisikia hivyo jua eathi haijashika, ama pini haijaingia mpaka mwisho (kava la simu likizidi unene linaizuia, watu wanahangaika nalo sana hilo), ama waya umekatika ndani karibu na shingo ya pini. Sauti ikitoka upande mmoja tu ni habari hiyohiyo, izungushe pini kidogo, ikirudi na kupotea badilisha waya.

Urefu wa mita moja unatosha kwa mtu wa mbele. Mrefu sana unaishia kuzunguka gia au kushuka miguuni kwenye pedali na hapo sio mchezo tena, upitishe pembeni ya kiboksi cha kati na uubane.

Sasa volyumu, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu halafu wanalaumu spika. Kuna volyumu mbili zinafuatana, ya playa na ya redio. Ukiiacha ya playa chini halafu ukapandisha ya redio, redio inakuza muziki mdogo pamoja na makelele yote yaliyopo kwenye waya, unapata shhhh nyuma ya kila wimbo. Ukiipeleka ya playa mpaka mwisho, kile kiamplifaya chake kidogo kinaweza kuzidiwa na besi inaanza kupasuka hata ukipunguza redio, maana imeshapasuka kabla haijafika huko. Fanya hivi:

Redio iwe chini kabisa, chomeka pini, chagua AUX.
Playa ipandishe mpaka kama asilimia 80, cheza wimbo ambao unaujua vizuri na una besi ya kutosha.
Pandisha redio taratibu mpaka sauti unayoitaka, ukisikia mpasuko mapema punguza playa kidogo, ukisikia shhhh pandisha playa kidogo.
Kuanzia hapo playa usiiguse, tumia kitufe cha redio au cha kwenye usukani.

Kama playa iko juu na bado sauti ni ndogo ingia kwenye setingi zake, nyingi zina kizuizi cha volyumu cha kulinda masikio, kiondoe wakati inatumika kwenye gari na ukumbuke kukirudisha ukivaa hedifoni. Na ikwalaiza iache moja tu, ya gari, ya playa iweke kawaida. Besi ikiongezwa mara mbili inakuwa uji. Redio nyingine zina setingi ya kiwango cha AUX peke yake, ukiipata ilinganishe na FM, la sivyo siku ukitoka AUX kurudi redio utaruka kwenye kiti.

Mluzi unaopanda na injini

Hii lazima niielezee vizuri maana inasumbua kuliko zote. Umechomeka AUX, sauti safi, halafu playa ikaanza kupungua chaji ukaiweka kwenye chaja ya gari na papo hapo kuna mluzi, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Huo sio ugonjwa wa spika. Playa sasa imeunganishwa na eathi ya gari kwa njia mbili, kupitia chaja na kupitia waya wa AUX, na kelele za alteneta, ile inayochaji betri ya gari, zinapita katikati ya hizo njia mbili na kuingia kwenye muziki.

Kipimo chake ni rahisi, chomoa chaja muziki ukiendelea. Mluzi ukikata, mchawi ni hiyo njia ya pili ya eathi. Dawa ziko tatu, ya bure ni kuchaji playa nyumbani na kwenye gari itumie betri yake. Ya pili ni kile kifaa kidogo cha kutenganisha eathi, kinakaa katikati ya waya wa AUX, ndani kina vitransfoma viwili vinavyopitisha muziki bila kuunganisha eathi, ni bei ndogo na kinafanya kazi kweli ingawa vile vya hovyo vinakula besi kidogo. Ya tatu ni kuchajia kwenye pawabenki ambayo yenyewe haijachomekwa kwenye gari. Kubadilisha chaja kunasaidia wakati mwingine, zile za bei chee ndizo zenye kelele zaidi, ila sio dawa ya uhakika. Umetoa chaja na mluzi bado upo? Basi angalia eathi ya redio yenyewe, au waya wa AUX umelala sambamba na waya wa umeme mkubwa, hapo muite fundi umeme.

Kingine kuhusu chaja, malori na mabasi mengi ni volti 24 sio 12, soma chaja imeandikwa 12-24V kabla hujaichomeka huko.

USB, na kwa nini redio inasema hakuna kifaa

USB ikikubali ni nzuri kuliko AUX, maana redio inasoma faili yenyewe, jina la wimbo linatokea, unaruka wimbo kwa vitufe vya usukani, na playa inachaji wakati huohuo. Lakini kuna mambo ya kujua.

Kwanza sio kila USB ya gari inasoma muziki, nyingine ni za umeme tu, ukiona pembeni imechorwa betri au radi badala ya noti ya muziki au alama ya USB yenyewe basi jaribu tundu jingine. Pili sio kila waya unapitisha data, waya za bure bure zinazokuja na vitu kama taa za kuchaji zina nyaya za umeme peke yake ndani, playa itachaji vizuri na redio haitaiona milele. Tumia waya ambao umeshahamishia nao faili kwenye kompyuta.

Tatu, na hii ndio inawachanganya wengi, redio nyingi zinategemea kifaa kijionyeshe kama flashi. Playa nyingi za MP3 zinafanya hivyo, ukiichomeka inakuwa flashi na redio inaanza kusoma. Simu nyingi za Android hazifanyi hivyo, zinatumia mfumo mwingine unaoitwa MTP ambao redio nyingi haziujui, ndio maana unaandikiwa NO DEVICE na ukichagua kuhamisha faili kwenye simu bado hamna kitu. Usipoteze muda kubonyezabonyeza, rudi AUX au Bluetooth. Kama playa yako ina setingi ya kuchagua MTP au MSC, chagua MSC, ndiyo inayoifanya ionekane kama flashi. iPod na iPhone zina lugha yao wenyewe, redio lazima iwe imeandikwa kwamba inakubali iPod.

Nne ni fomati ya diski, yaani namna kadi au flashi inavyopanga faili ndani yake. Redio nyingi zinataka FAT32, zile za miaka ya karibuni baadhi zinasoma exFAT, NTFS ni bahati. Kama memori kadi ya playa umeifomati kwa kitu kingine redio itazunguka mpaka ichoke. Kufomati kunafuta kila kitu, kopi nyimbo pembeni kwanza. Kwa kadi inayozidi GB 32, dirisha la kawaida la kufomati la Windows limekuwa kwa miaka mingi halikupi FAT32, unatumia programu nyingine ndogo ya kufomati. Aina ya faili MP3 inakubalika karibu kila mahali, WMA na AAC nyingi zinakubali, FLAC redio za zamani hazitaki kabisa, na nyimbo zilizopakuliwa ndani ya programu za kulipia kwa mwezi hazichezi hivi kwa sababu zimefungwa.

Ukikuta nyimbo zinachezwa ovyo bila mpangilio wa albamu, redio nyingi rahisi zinacheza kwa mpangilio ambao faili zilikopiwa, sio alfabeti. Weka 01, 02, 03 mwanzoni mwa majina, halafu kopi folda nzima upya kwa utaratibu. Na kusema kweli kama redio ina USB na unachotaka ni nyimbo zako tu, flashi ndogo iliyochomekwa moja kwa moja inashinda playa, hamna betri ya kuisha wala waya.

Bluetooth

Gari likiwa limesimama, maana redio nyingi zinakataa kuunganisha kifaa kipya likitembea, ingia kwenye menyu ya Bluetooth ya redio uchague kuongeza kifaa, kisha kwenye playa washa Bluetooth, tafuta, gusa jina la redio. Ikiuliza namba jaribu 0000 au 1234, au ilinganishe na ile inayotokea kwenye kioo. Kama inagoma kabisa futa vifaa vya zamani kwenye redio, orodha yake ikijaa haipokei mgeni, na ufute jina la gari kwenye playa pia muanze upya pande zote mbili.

Kuna magari ambayo Bluetooth yake ni ya kupigia simu tu, muziki haiufahamu. Utajua kwa sababu simu inaunganika vizuri, unaongea na watu, lakini muziki unaendelea kutoka kwenye simu. Hiyo hairekebishwi na setingi. Kama gari lina AUX, nunua kile kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa AUX, na kama ni playa ndio haina Bluetooth kuna kirushio cha kuchomeka kwenye tundu la hedifoni. Ila kununua vyote viwili kwa pamoja wakati waya mmoja ungemaliza kazi, hapo sikushauri. Kipokezi nacho ukikichajia kwenye gari huku kimechomekwa AUX unaweza kupata ule mluzi, dawa ni zilezile.

Volyumu ya playa kwenye Bluetooth iweke juu, ya redio ndio ucheze nayo.

Gari la kaseti

Usilidharau. Adapta ya kaseti ni kaseti ya plastiki yenye waya na pini ya 3.5, ndani haina mkanda, ina kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio na kukipelekea muziki uleule ambao mkanda ungeupeleka. Iingize, chomeka playa, cheza. Waya upite ile sehemu yenye nafasi mlangoni, usiulazimishe mlango ufunge juu yake. Ikitemwa au ikigeuzageuza upande, redio inadhani mkanda umeisha, bonyeza kitufe cha kugeuza upande uone kama itatulia, isipotulia jaribu adapta ya aina nyingine maana gia za ndani hazifanani. Zima Dolby, kile kipunguza kelele za kaseti. Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi safisha kichwa cha redio na pamba yenye spiriti. Kwa maoni yangu adapta nzuri ya kaseti inaishinda transmita ya FM bila ubishi.

Transmita ya FM ikiwa hakuna njia nyingine

Hii inachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, inapokea muziki kwa waya au Bluetooth na kuurusha kwa FM mita chache tu, unaupata kwenye redio kama stesheni. Siri yake yote ni kupata masafa matupu. Zunguka kwenye redio kwanza bila transmita, tafuta sehemu ambayo ni shhhh tupu, na jirani zake juu na chini nazo ni shhhh, hapo ndipo uiweke transmita. Mjini stesheni zimebanana, na ukisafiri masafa yaliyokuwa matupu yanakuja kuwa na mtu, itabidi usimame ubadilishe. Redio yenye RDS (ule mfumo unaoonyesha jina la stesheni) zima AF, la sivyo inaweza kukuhamisha peke yake kwenda kwenye masafa mengine.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana mtego wake, FM yao inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90 MHz, zile mpya mpaka 95, wakati transmita nyingi zinarusha kuanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo redio na transmita zinakutana kwenye kijisehemu cha 87.5 mpaka 90 tu (au 95 kwa zile mpya), usiiweke transmita 104 ukashangaa kimya. Sauti ya transmita haitakuwa safi kama waya hata ufanyeje, ipokee hivyo.

Ukiamua kubadilisha redio kabisa

Kama gari halina chochote cha hapo juu, redio mpya yenye AUX, USB na Bluetooth inamaliza yote. Kabla ya kufungua, jua kama redio ya zamani ina kodi (namba ya siri ya kuifungua), kuna redio ambazo ukikata umeme tu zinajifunga, na ukitaka kuirudisha siku moja bila kodi itabaki tofali. Toa terminali hasi ya betri. Nunua soketi ya kuunganishia inayoendana na gari lako ili usikate nyaya za gari lenyewe, maana rangi za nyaya za gari hazifuati utaratibu wa redio za kufunga baadaye.

Upande wa redio mpya rangi mara nyingi ni hizi: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme wa swichi (unaokuja ukiwasha funguo), nyeusi ni eathi, bluu ni antena, na bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya. Spika: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndio hasi ya spika hiyo. Hizo hasi za spika usizifunge pamoja wala usiziguse kwenye bodi ya gari, utaunguza redio siku hiyohiyo. Kama redio ya mwanzo ilikuwa na amplifaya yake ya kiwandani au vitufe vya usukani, mpe fundi.

Usiisukume ndani kabla ya kujaribu. Rudisha betri, washa, hifadhi stesheni moja, jaribu AUX na USB na kila spika, zima swichi, toa funguo, subiri kidogo, washa tena. Saa na stesheni zikiwa zimefutika, njano na nyekundu zimebadilishana nafasi, zigeuze ndio uibane.